Mchungaji Hakuhesabu

Alama niliyompa ilikuwa thelathini na moja kwa mia. Niliiandika kwanza kwa penseli, nikasita, kisha nikapitisha kalamu nyekundu juu yake. Swali lilikuwa: "Eleza maana ya kuhesabiwa haki kwa imani, ukifuata Warumi sura ya 3 hadi ya 5." Ni fundisho la Paulo kwamba Mungu humhesabu mtu kuwa mwenye haki kwa sababu ya imani yake, si kwa matendo yake. Aliyejibu alikuwa mwinjilisti wa Kimaasai, mtu aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi, na aliyekwisha kuanzisha mitaa mitatu ya kanisa huko porini kabla hajaketi kwenye dawati langu. Jibu lake halikufika nusu ukurasa. Sentensi mbili za mwisho zilisema: "Sasa mtu ana amani na Mungu. Majani yamepokewa."

Pembeni ya neno "majani" niliweka alama ya kuuliza, nikaendelea na karatasi iliyofuata.

Wanafunzi wenzake walimwita Mzee, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mwalimu. Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha Agano Jipya katika chuo cha Biblia, kaskazini mwa Tanzania. Darasani nilikuwa na Wachaga, Wameru, Wapare, Wamaasai wanane, vijana wawili kutoka Dar es Salaam na mchungaji mmoja aliyetoka Goma. Kama ungeniuliza siku hizo kuhusu elimu ya theolojia inayovuka tamaduni, ningekueleza habari za Wazungu na Waafrika. Nilikuwa na hoja zangu tayari juu ya jambo hilo, tena nzuri. Haikunipitia akilini kwamba mvuko uliokuwa ukinihusu mimi ulikuwa ndani ya chumba kile, kati ya meza yangu na benchi la nyuma.

Mimi ni Msambaa wa Mlalo. Wamisionari Johannsen na Wohlrab walifungua kituo huko kwetu mwaka 1891, wakakiita Hohenfriedeberg. Hapo Lwandai ndipo darasa la theolojia la Walutheri wa Tanganyika lilipoanza mwaka 1947, kabla ya kuhamia Makumira, karibu na Usa River, mwaka 1954. Nimekua nikisikia majina hayo kama watoto wengine wanavyosikia majina ya babu zao. Nyumbani tuliongea Kisambaa shambani na jikoni, lakini sala ilikuwa ya Kiswahili. Hata bibi yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga-unga, akifumba macho tu alibadilisha lugha.

Bibi huyo huyo alikuwa na maneno mawili aliyoyarudia kila mvua ilipochelewa: kuzifya shi na kubana shi. Shi ni nchi, ardhi pamoja na watu wake. Kuzifya ni kuitengeneza ikapona, kubana ni kuiharibu. Wasambaa waliwapima watawala wao wa Vuga kwa maneno hayo tangu zamani, pengine hata kabla mmisionari Krapf hajapanda kumwona mfalme Kimweri mwaka 1848. Kwa bibi, ugomvi wa ndugu usiopatanishwa haukuishia kwa ndugu hao wawili. Ulikausha mahindi ya jirani.

Nilisoma theolojia miaka mitano, nikaandika kurasa nyingi juu ya dhambi, nikawataja Augustino na Luther, na sikuwahi hata mara moja kuandika neno shi. Hakuna mwalimu aliyenikataza. Ningekatazwa ningekuwa na mtu wa kumlalamikia. Niliiacha mwenyewe langoni, kama mtu anavyovua viatu, kwa kuamini kwamba ndivyo heshima ya mahali pale ilivyotaka.

Baadaye nilipata nafasi ya kukaa Ujerumani mwaka mmoja, kupitia uhusiano wa makanisa. Dayosisi yetu ni mwanachama wa VEM, ambayo makao yake yako Wuppertal na ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, si tena chama cha Wajerumani cha kutuma watu kwetu. Mambo mengi ya mwaka ule nimekwisha kuyasahau. Mawili sikuyasahau.

La kwanza ni mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyemwambia profesa wake mbele yetu sote, "Hapo sikubaliani nawe," na profesa akakaa kimya kidogo, akamwomba aeleze zaidi, mwishoni akamshukuru. Nilikaa nikingoja ghadhabu ishuke. Haikushuka. Usiku ule niliandika kwenye daftari kwamba nikirudi nyumbani nitafundisha hivyo.

La pili lilitokea katika kikundi cha kusoma Biblia cha usharika mmoja, jioni ya majira ya baridi, kwenye chumba kilichonukia kahawa na makoti yaliyolowa. Tulisoma habari ya mwana mpotevu katika Luka 15. Kiongozi akauliza: huyu kijana alifikaje kwenye shida ile ya nguruwe? Vijana wakajibu kwamba alitapanya mali. Mimi nikajibu bila kufikiri mara mbili: hakuna aliyempa kitu, ndivyo mstari wa 16 unavyosema wazi. Wakanitazama. Wengine walifungua Biblia upya kuhakikisha kama maneno hayo yamo. Kisha bibi mmoja, ambaye hakuwa amesema lolote jioni nzima, akaweka kidole juu ya mstari wa 14. "Njaa," akasema. "Njaa kuu iliingia nchi ile. Ninyi hamkuisoma?" Alikuwa mtoto mdogo majira ya baridi ya mwaka 1945, familia yake ilipoikimbia Prussia Mashariki kwa miguu. Alieleza kidogo tu, akafunga Biblia.

Miaka michache baadaye nilikuta kwamba mtaalamu wa Agano Jipya wa Marekani, Mark Allan Powell, alikuwa amelifanyia jambo hilo hilo majaribio. Kati ya Wamarekani 100 aliowaomba waisimulie habari hiyo kwa kumbukumbu, ni 6 tu waliotaja njaa. Huko St. Petersburg, kati ya watu 50, waliotaja njaa walikuwa 42. Ni mji uliozingirwa na kushindishwa njaa tangu 1941 hadi 1944, na wajukuu bado wanajua. Alipouliza Tanzania sababu ya kijana yule kufa njaa, wengi walijibu kama nilivyojibu mimi: hakuna aliyempa kitu. Mali iliyotapanywa, njaa iliyoingia, watu walionyima, yote matatu yameandikwa katika mistari minne. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika moja na kuamini ameshika habari nzima.

Basi ungedhani mtu aliyeyaona hayo angerudi nyumbani mwalimu mpya. Nilirudi na masanduku mawili ya vitabu na muhtasari wa masomo. Nikasimama ubaoni, nikaandika, wakanakili. Mwanafunzi akiuliza swali lililotoka nje ya muhtasari, nilimwambia tutalifikia. Wakati mwingine nilichomeka mfano wa Kiafrika, methali au habari ya ukoo, na nikaona nimefanya wajibu wangu.

Nirudi kwa ile karatasi. Mzee hakuja kulalamika. Alikuja Jumamosi asubuhi, akanikuta nimekaa chini ya mgrevilea nyuma ya jiko la chuo, akasalimia, akaikunjua karatasi juu ya goti lake na kuonyesha ile alama yangu ya kuuliza.

"Hapa Mwalimu umeuliza. Nimekuja kujibu."

Akainama, akang'oa majani, nyasi za kawaida tu, kiganja kizima, mizizi ikiwa bado na udongo. Akayainua usawa wa kifua.

"Watu wamekosana mpaka fimbo zimeinuliwa. Mmoja akishika majani hivi, fimbo zinashuka. Ng'ombe wanaishi kwa majani, sisi tunaishi kwa ng'ombe. Huyu ameshika uhai mkononi. Nani atampiga?"

Nikamwambia naelewa, ila swali lilihusu kuhesabiwa haki, na neno "kuhesabiwa" hakuligusa kabisa.

"Hilo nililiogopa," akasema.

Ikabidi anieleze polepole. Kwa desturi ya wazee wake, watu hawahesabiwi, wala ng'ombe hawahesabiwi. Kuhesabu kilicho hai ni kukiita kifo kije kukitazama. Alipobatizwa aliambiwa hizo ni imani za kale, akazikubali kuwa ni za kale. Kisha akaisoma Biblia mwenyewe, akakuta Daudi anawahesabu watu wa Israeli katika 2 Samweli 24, na watu elfu sabini wanakufa kwa tauni. Akakuta pia Kutoka 30, mstari wa 12: watu wakihesabiwa, kila mmoja atoe fidia ya nafsi yake, pigo lisije. "Kwa hiyo nikajua wazee wangu hawakuwa wakiota," akasema. "Halafu Mwalimu unatuambia habari njema ni kwamba Mungu anatuhesabu."

Nilijitetea kwa kumkumbusha kwamba kitabu cha nne cha Musa kinaitwa Hesabu, na kwamba ni Mungu aliyeagiza. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa akibishana. Alikuwa akinionyesha mahali mguu wake uliponasa.

Halafu akanipeleka Mwanzo 15, ambako Paulo mwenyewe analitoa neno lile. Biblia yake ilikuwa ya Kimaa, lugha ya Wamaasai, jalada limeshikwa na uzi wa viatu. "Ibrahimu ni mfugaji," akasema. "Mungu anamtoa nje usiku, anamwambia azihesabu nyota kama ataweza. Hawezi. Mungu anajua hawezi. Mstari unaofuata ndio huo wako, akamhesabia haki. Mwalimu, Mungu kwanza amemwonyesha mfugaji kitu kisichohesabika."

Nimefundisha Warumi sura ya 4 mara nyingi. Nimewaeleza wanafunzi neno la Kigiriki logizomai, neno la wafanyabiashara, la kuingiza kitu katika hesabu ya mtu. Sikuwahi kuona kwamba mistari hiyo miwili imekaa pamoja, nyota zisizohesabika na imani iliyohesabiwa. Ilinibidi nioneshwe na mtu niliyemfelisha.

Nikataka kumjaribu, nadhani kwa kiburi kilichokuwa kimebaki. Nikamuuliza: na yule mchungaji wa Luka 15 aliyekuwa na kondoo mia, alijuaje kwamba mmoja amepotea? Si alihesabu akapata tisini na kenda?

Akanitazama kwa muda. "Mwalimu umewahi kuchunga?"

Kwetu Usambara ng'ombe ni mmoja au wawili, wamefungwa bandani, unawakatia majani unawaletea. Nikasema hapana.

"Anayehesabu atajua amepungua mmoja. Hatajua ni yupi. Mchungaji hahesabu. Anaona fulani hayupo."

Akafungua Yohana 10, akaweka kidole pale mchungaji anapowaita kondoo wake kwa majina. Hakuongeza neno. Kengele ya chai ikalia, akakunja karatasi yake yenye thelathini na moja, akaenda.

Neno hilo hilo, mchungaji, ndilo linalotangulia jina langu kwenye barua zote za dayosisi. Nilibaki pale nikiwa na yale majani aliyoyaacha juu ya benchi, na nilichokiona hakikunifurahisha. Haki ni neno la Kiarabu. Hesabu ni neno la Kiarabu. Yamekuja na majahazi, yakakaa katika madaftari ya wafanyabiashara wa pwani na midomoni mwa makadhi, ndipo Krapf akayakuta Mombasa mwaka 1844 na mmisionari Steere akayakuta Unguja, yakaingia katika tafsiri zao na hatimaye katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 ambayo ndiyo tunayoisoma ibadani. Hakuna aliyekosea. Paulo alitumia neno la sokoni, na wafasiri wakatafuta neno la sokoni. Lakini mimi nilikuwa nimekichukua Kiswahili kama maji yasiyo na rangi, lugha ya wote na kwa hiyo isiyo ya mtu. Kwa Mzee ilikuwa na rangi. Ilikuwa lugha ya watu wa pwani, ya serikali, ya mnadani, ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Yale ninayowalaumu wamisionari kwa kuwafanyia babu zangu, nilikuwa nikiyafanya mimi, tena kwa Kiswahili fasaha.

Lipo jambo moja nililoweza kumpa Mzee nami, na nalitaja kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani mwalimu kazi yake ni kunyamaza. Juma lililofuata nilimuuliza: katika Warumi, nani ameshika majani? Kwa desturi yenu anayeyashika ni mkosaji anayeomba asipigwe. Soma tena 3:25, pale Mungu mwenyewe anapomweka Kristo awe upatanisho. Alikaa na swali hilo siku mbili. Akanijia kwenye nyumba za walimu, usiku, ameshika tochi, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Aliyekosewa ndiye aliyeshika majani," akasema. "Mwalimu, hilo kwetu halipo. Sijawahi kuliona."

Tuliongea mpaka umeme wa jenereta ulipozimwa. Aliniambia kwamba Agano Jipya kwa Kimaa linaitwa Osotua Ng'ejuk, na kwamba osotua kwanza kabisa ni kitovu, ule mshipa unaomuunganisha mtoto na mama yake tumboni. Kisha ni uhusiano wa watu wawili ambao mmoja akihitaji anaomba na mwenzake anatoa, na hakuna anayeweka kumbukumbu ya nani amempa nani mara ngapi. Deni lina neno lake jingine, esile, na ukimtajia mtu wa osotua habari ya deni umemtukana. Nikafikiria miaka yote niliyofundisha neno "agano" kwa kuchora mkataba ubaoni, na sahihi mbili chini.

Nilipolileta jambo hili darasani kwa ruhusa ya Mzee, nilitegemea Wamaasai waseme na wengine wasikilize. Aliyesimama alikuwa mmoja wa wale vijana wa Dar es Salaam. Alikuwa na hasira kidogo. "Kila mtu hapa anaulizwa kwao wanasemaje," akasema. "Mimi kwetu ni Temeke. Sina lugha nyingine. Baba Mmakonde, mama Mzaramo, mimi nina Kiswahili tu. Mimi nina kitu au sina?"

Nikamuuliza kwao Temeke hesabu ni nini.

Akacheka, maana kabla ya wito wake alikuwa konda wa daladala. Hesabu, akaeleza, ni ile fedha ya kila jioni unayompelekea tajiri mwenye gari. Mvua inyeshe, gari liharibike, trafiki akukamate, hesabu ni hesabu. Usipoifikisha leo inaongezwa kesho, na ukishindwa siku tatu gari anapewa mwingine. Sauti ikabadilika. "Kwa hiyo mimi nikisoma kuhesabiwa haki naiona hivi: jioni naenda kwa tajiri mfukoni sina kitu. Anafungua daftari, anaandika, hesabu imetimia. Siyo kwamba amenisamehe nilete kesho. Ameandika imetimia."

Darasa likatulia. Mzee aliomba aelezwe tena habari ya daftari, na yule kijana akarudia kwa heshima, akimwita baba. Katika miaka yangu yote sijasikia ufafanuzi wa Warumi 4 ulio karibu zaidi na Kigiriki cha Paulo kuliko ule, na ulitoka kwenye mlango wa daladala. Mmoja aliliogopa neno kwa sababu linaua, mwingine lilimbana koo kila jioni kwa miaka minne. Mimi mwenye kamusi ya Kigiriki sikuwa nimeliogopa wala halikuwahi kunibana.

Tulibadilisha taratibu, si zote na si kwa urahisi. Tukaanza kusoma kila fungu kwanza kwa lugha za nyumbani, vikundi vikundi chini ya miti, ndipo tunakutana kwa Kiswahili na kuulizana neno lipi limekwama wapi. Mchungaji wa Goma alitufunza kwamba hata Kiswahili ni vingi. Cha kwake na changu vilipishana katika maneno ya sala kiasi cha kuhitaji kufasiriana. Kwa wanaojua vitu na hawajui kuviandika, niliomba mtihani wa mdomo. Mwalimu mwenzangu mmoja alipinga katika kikao, na sababu zake zilikuwa nzito: kiwango kitashuka, na tukiendelea hivi kila kabila litakuwa na Warumi yake. Hofu hiyo naiheshimu mpaka leo. Nilimjibu kwa habari ya majani: desturi ilimfungulia Mzee maandiko, kisha maandiko yakaigeuza desturi juu chini, aliyekosewa akawa ndiye mwombaji. Asingeliona hilo kama nisingemruhusu kuingia na majani darasani. Mkuu wa chuo alikubali tujaribu mwaka mmoja. Mzee alifanya mtihani wake upya kwa Kimaa, wachungaji wawili wakisikiliza na kufasiri, akafaulu vizuri.

Mengine niliyaharibu. Siku tuliyozungumzia jina la Mungu kwa Kimaa, Enkai, nilieleza kwamba kiambishi chake ni cha kike. Vijana wawili wakacheka, Mzee akanuna, na dada mmoja mwinjilisti wa Kimaasai akainamisha kichwa na hakunyanyua mkono darasani kwa juma zima. Nilikuwa nimelitupa jambo la ndani mbele ya watu kama mfano wa sarufi. Baadaye aliniambia kitu kingine, kwa faragha, mke wangu akiwepo: katika kikundi cha Kimaa chini ya mti hakuwahi kusema, kwa sababu Mzee yupo. Lugha ya nyumbani niliyoisifu kwamba imewapa watu sauti, yeye ilimnyima ile ndogo aliyokuwa nayo kwa Kiswahili. Tukawapa wanawake kikundi chao. Nilitakiwa kuliona bila kuambiwa.

Wanaoijua historia ya elimu hii wanajua kwamba hatukugundua lolote. Mwanatheolojia Shoki Coe wa Taiwan alikwisha kusema mwaka 1972, katika Mfuko wa Elimu ya Theolojia, kwamba haitoshi kupanda mti wa kigeni katika udongo wa nyumbani. Kazi ni kulisikiliza neno pale watu wanapoishi, na jinsi wanavyobadilika. Wapresbiteri wa Guatemala waliona mwaka 1963 kwamba viongozi halisi wa sharika zao vijijini hawawezi kuacha mashamba na watoto ili wakakae bwenini, na kwamba wanaoweza mara nyingi hawarudi. Wakawatuma walimu wawafuate. Kwetu kazi ya namna hiyo tunaiita elimu ya theolojia kwa enezi. Nilikuwa nayajua hayo yote, nimeyafundisha, nimeyatungia maswali ya mtihani. Mzee alikuwa ameacha ng'ombe zake mwaka wa ukame ili aje kukaa mbele yangu, na sikuwahi kumuuliza ng'ombe wako wanaendeleaje.

Mwaka uliofuata, alipokwisha kurudi kwake, nilimfuata. Ni safari ya saa tano kutoka lami. Nilipofika bomani watoto walikuja mmoja mmoja wakainamisha vichwa niwaguse utosini, na nilifanya hivyo nikiona aibu kidogo kwa mikono yangu yenye chaki. Mama mwenye nyumba alinipa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Tulikuwa tumepanga kusoma Luka pamoja na wazee wa mtaa jioni ile, lakini Mzee alisema tungoje kwanza, mifugo inarudi.

Akasimama langoni, pale miiba ilipoachiwa nafasi, fimbo begani, mikono yote miwili imening'inia juu yake. Nikasimama kando yake. Vumbi lilitangulia, kisha kengele, kisha wao wenyewe, wakiingia wawili wawili na kusukumana. Midomo yake haikucheza. Hakunyoosha kidole. Mimi nilijaribu, nikafika arobaini na kitu, wakachanganyika, nikaachia hapo. Wa mwisho walipoingia kijana aliyekuwa nyuma yao alianza kuburuta miiba kufunga lango, na Mzee akamwekea fimbo kifuani, taratibu.

Akasema maneno machache kwa Kimaa. Nikamuuliza kuna nini.

"Yule mwekundu mwenye doa jeupe shavuni, mtoto wa ile iliyokufa mwaka jana. Hayupo."

Giza lilikuwa limeanza kushika upande wa korongo. Kijana akageuka, akachukua tochi kwa mama yake, akatoka. Mzee akabaki palepale langoni, na lango likabaki wazi, na wazee wa mtaa waliokuja kusoma Luka wakakaa chini kwenye vumbi kungoja pamoja naye.